Bao Lisilo Letu

Sadrack alikuwa amesimama peke yake, mikono juu, akishangilia kwa sauti yote, na jukwaa zima la Malakiti lilikuwa limekaa likimtazama.

Haikuchukua muda mrefu. Lakini mtu anayeaibika muda wake hauendi kama wa watu wengine. Kwanza aliuona uso wa mama Mado, muuza karanga, mdomo wazi. Kisha akawaona wachezaji wa kijani wakikumbatiana karibu na kona, na nyuma yao wachezaji wa fulana nyeupe wakiwa wameshika viuno. Akajiuliza kwa nini watu wetu wamefunga na hakuna anayefurahi. Jibu lilimpanda polepole, kama baridi inayoanzia miguuni. Wale wa kijani hawakuwa wetu.

Malakiti huvaa kijani. Kila mtoto wa Musonoi anajua, maana timu ilipewa jina la lile jiwe la kijani ambalo watu wa pale hulichimba ili wale. Lakini Jumapili hiyo wageni kutoka Mutoshi nao walikuja na kijani, na mila ya Malakiti ni kwamba mgeni havuliwi nguo. Mwenyeji ndiye anayebadilisha. Tata Symphorien, rais wa mashabiki, alilitangaza jambo hilo siku moja kabla, kwenye mkutano wa mashabiki katika lupango lake, uani kwake. Sadrack alikuwepo mkutanoni. Alikuwa anamtazama binti wa rais, Huguette, akigawa munkoyo, kinywaji cha mahindi.

Kosa lake lingekuwa lake mwenyewe kama lisingemfikia Huguette.

Huguette ndiye aliyekuwa mwimbishaji. Mwimbishaji wa Malakiti husimama juu ya kreti mbele ya jukwaa, filimbi mdomoni, uso kwa mashabiki, mgongo kwa uwanja. Ngoma zinamfuata yeye. Akipuliza mara moja ndefu, huo ni wimbo wa bao. Jumapili hiyo alisikia kelele kubwa nyuma yake, akaona mbele yake Sadrack akiruka kwa furaha, akapuliza. Wapiga ngoma walikuwa wamemkazia macho yeye kama kawaida. Wakapiga. Nusu ya jukwaa ikaanza kuimba kabla ya kujua inaimba nini, na wimbo wa ushindi wa Malakiti ukaenda mstari mzima kwa heshima ya bao la Mutoshi.

Ng'ambo ya pili Mutoshi walicheka mpaka wazee wao wakashikwa wasianguke.

Huguette aligeuka akatazama uwanja. Akageuka tena, akamtazama Sadrack. Haikuwa hasira. Angekasirika, Sadrack angepona. Alimtazama kama mtu aliyerudi nyumbani kutoka sokoni akakuta mlango wake umefunguliwa na mtu asiyemjua.

Mechi ilipokwisha, tata Symphorien alimwendea binti yake mbele ya wote, akanyoosha mkono apewe filimbi. Mila ya mashabiki ni hiyo: aliyeimba bao la adui anaweka chombo chini. Angekuwa mtoto wa mtu mwingine, labda mzee angemsamehe. Huguette akaivua filimbi shingoni akaiweka mkononi mwa baba yake. Kisha akashuka kwenye kreti, akajifunga kitenge vizuri, akatembea kwenda nyumbani bila kumsubiri mtu.

* * *

Sadrack alikuwa mtu wa Kisenge. Kule alizaliwa, kule alijifunza kuchomelea vyuma, kule alimzika mke wake. Kazi ya mgodi wa manganizi ilipolegea akaja Kolwezi na mashine yake ya kuchomelea na godoro, akapanga chumba Musonoi, akaanza kutengeneza mageti na fremu za pikipiki. Umri wake ulikuwa umepita ule wa kutafuta marafiki wapya. Chumbani alikuwa na sahani moja. Hakuinunua moja kwa makusudi. Alinunua moja tu, basi, na hapakutokea siku ya kuhitaji ya pili.

Alikuwa anakula kwa Huguette, ambaye alipika bukari, ugali wa huko, na samaki kando ya njia inayoelekea kwenye mashimo, akiwauzia wachimbaji. Mwanamke mrefu, sauti nzito, hana mchezo na mteja. Alikuwa na mume zamani. Sadrack alimpenda kabla ya kujua jina lake, kwa namna alivyokuwa akimwongezea mboga bila kuulizwa na bila kumtazama, kama mtu anayefanya jambo la haki.

Jumapili moja alikuta pamefungwa. Aliuliza. Wakamwambia mama yuko kwenye mpira. Akaenda uwanjani, akakaa jukwaani, akamwona juu ya kreti akiimba, jasho likimtiririka shingoni, mikono ikiwainua watu wote kama unga unavyoinuka kwenye sufuria. Jumapili iliyofuata alirudi. Hakukosa tena.

Tata Symphorien alipomuuliza yeye ni mtu wa timu gani, alisema Malakiti, toka utotoni. Wanaume wakimtaka mwanamke husema uwongo mkubwa kuliko huo. Mzee alifurahi. Walipatana kwamba msimu ukiisha, kaka mkubwa wa Sadrack atapanda kutoka Kisenge, waje pamoja kugonga mlango kwa heshima kumposa Huguette, kama watu.

Sasa ilikuwa Jumatatu, siku ya pili ya aibu, na Sadrack alikuja kugonga peke yake.

Mzee alikuwa amekaa kivulini kwa ukuta, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, maana ilikuwa inamuuma tangu kazi ya mgodini. Alimwonyesha Sadrack kiti. Walisalimiana. Sadrack akaanza kuomba msamaha, akaeleza habari ya jezi, akaeleza kwamba alifika mkutanoni amechoka na kazi, na mzee akamwacha aseme mpaka maneno yakamwisha.

Kisha akamuuliza kwa upole: "Mulinda lango yetu, jina yake nani?"

Sadrack akatazama beseni.

"Mwenye kuvaa numero sita?"

Kuku walikuwa wanaparua karibu na jiko.

"Ile ya kufungwa na Kasumbalesa, mwanzo wa musimu, tulifungwa ngapi?"

"Tata, sijue."

Mzee alitingisha kichwa, si kwa ukali. Alisema yeye hakatai mtu asiyependa mpira. Mdogo wake mwenyewe hapendi, ni katekista, na wanakula sahani moja. Alisema mpira wenyewe si kitu, ni watu wazima wanakimbilia ngozi. Tatizo lake lilikuwa lingine, na akaliweka wazi. Mkwe wake wa kwanza, Lukusa, alikuwa shabiki wa Malakiti mwaka ule Malakiti ilipokuwa inashinda. Alikuwa na jezi, alikuwa na kofia, alipiga kelele kuliko wapiga ngoma. Timu ilipoanza kuanguka, Lukusa akaonekana kwenye jukwaa la timu nyingine na kofia ya timu nyingine. Watu wakacheka tu. Mzee naye akacheka.

"Nilipaswa kulia," alisema. "Kiisha munganga akasema mutoto wangu hatazala. Lukusa akatoka vile vile alitoka ku tribini ya Malakiti. Hata hakubamiza mulango. Alikuwa ameisha kutuonyesha namna anatokaka, tukacheka."

Akatoa mguu mmoja majini, akaupangusa.

"Basi mi nilijisemea: mwanaume mwengine akikuya, nitamuangalia siku tunafungwa. Nilikuwa nakuangalia, tata Sadrack. Tunafungwa, weye hausimame. Tunafungwa tena, unabaki. Nikasema, uyu ni mutu. Kumbe haukujua hata kama tunafungwa."

Mzee akamwambia kwamba kaka yake wa Kisenge asijisumbue na safari. Akamtakia kazi njema. Akarudisha mguu majini.

Huguette alikuwa getini. Lile geti Sadrack ndiye aliyelichomelea, mwezi uliopita, akakataa malipo. Sasa mwanamke alikuwa ameliegemea, mikono kifuani, na hakusogea ampishe.

"Unajua juu ya nini nilipiga filimbi?"

"Juu yangu."

"Juu ya sura yako." Alisema bila kupandisha sauti. "Mi sionake mupira, tata. Miaka yote ile nageuzia mupira mugongo. Naisoma mu sura za bantu. Bengine banaangalia telefone, bengine banakula karanga, bengine bamelewa. Nilitafuta sura moja ya kunisomea mechi. Nikachagua yako. Ulikuwa unaangalia mbele tu, haupepese. Nikajisemea, uyu mwanaume anapenda ekipe yetu kupita siye bote."

"Nilikuwa naangalia weye."

"Najua sasa."

Pikipiki ilipita na magunia, ikaacha vumbi jekundu hewani. Wote wawili wakangoja lishuke.

"Siku tulipiga ba Likasi," Huguette aliendelea, "nilicheza mpaka kiatu ikapasuka, juu niliona unacheka. Ulikuwa unacheka nini?"

Sadrack alikumbuka. Alikuwa anacheka kwa sababu kitambaa cha kichwa cha Huguette kilikuwa kimemshukia jichoni na yeye anaendelea kuimba. Akamwambia hivyo. Alidhani ni neno zuri. Mwanamke aliinamisha uso, na alipouinua macho yake yalikuwa yamejaa.

"Basi sijue hata mechi gani niliona. Nilikuwa nimesimama pale mbele ya bantu bote, nafikiri tuko wawili mu kitu moja. Nilikuwa peke yangu."

"Huguette, mi nakupenda. Ile haiko bongo, haiko uwongo."

"Lukusa naye alikuwa ananiangalia vile." Akafuta macho kwa kiganja, haraka, kama anayefuta jasho la jikoni. "Mwanaume wa kuangalia weye tu, siku moja atachoka. Akichoka, hana kitu ingine ya kuangalia hapa, anaenda. Mi sitaki kuangaliwa tena. Nenda kazi, tata."

Akamfungulia geti. Lilifunguka kimya kabisa, bawaba zake zilikuwa nzuri.

* * *

Jumapili iliyofuata Sadrack alikwenda uwanjani akitumaini kumwona. Mashabiki walikuwa wamekubaliana asikae jukwaani. Hakuna aliyemtukana. Kila alipokaribia benchi, benchi lilikuwa limejaa. Akazunguka mpaka nyuma ya goli la upande wa mlima wa mabaki ya mgodi, ambako kuna ukuta mfupi wa mawe na hakai mtu kwa sababu ya vumbi la malori. Akakaa huko na ovaroli lake la bluu. Juu ya kreti alikuwa amesimama kijana mwingine na filimbi. Huguette hakuja.

Hakuja na Jumapili nyingine. Sadrack alikuwa ameacha kula kwake. Alipita njia ya nyuma, akanunua mkate, akaula amesimama karakanani. Alijua kwamba Huguette anajua. Mji wa wachimbaji ni mkubwa kwa kelele na mdogo kwa habari.

Aliendelea kwenda uwanjani kwa sababu Jumapili ilikuwa ndefu na chumba kilikuwa kifupi. Na kwa kuwa nyuma ya goli hapakuwa na mwanamke wa kutazama, akatazama mpira.

Mwanzoni hakuona kitu. Watu wanakimbia, wanaanguka. Kisha akaanza kumwona namba sita, kijana anayeitwa Merdi, miguu myembamba kama fimbo za kuchomelea, ambaye hukimbilia hata mipira iliyokwisha kupotea. Sadrack ni fundi. Anamtambua mtu anayefanya kazi isiyoonekana. Akaanza kuona kwamba Merdi akisogea kushoto, ukuta mzima wa mabeki unapumua, na akichoka, timu inafunguka katikati kama mshono mbaya. Akaanza kuona makosa kabla hayajatokea. Jumapili moja alijikuta amesimama, mikono kichwani, akimlaani mwamuzi kwa sababu ya mpira wa kurusha. Hapakuwa na mtu wa kumsikia ila dereva wa lori, aliyepiga honi.

Malakiti ilikuwa inashuka. Ilifungwa nyumbani, ikafungwa Mutoshi, ikatoka sare na timu ambayo haikuwa na viatu vya kutosha. Jukwaa likaanza kuwa na mapengo. Mama Mado alihamisha karanga zake kwenye uwanja mwingine, akasema yeye anafuata midomo, hafuati timu. Kofia mpya zikaonekana mitaani.

Siku za wiki Sadrack alichomelea mageti ya watu akiwa na Merdi kichwani. Alikuwa na maneno mengi na hana pa kuyaweka. Angesema kwa nani kwamba yule beki wa kulia apumzishwe? Zamani alikuwa mpweke kwa sababu ya mke aliyekufa, baadaye kwa sababu ya Huguette, na upweke huo aliuzoea, ulikuwa na sura ya mtu. Huu mwingine ulikuwa mpya. Ni mtu kubeba mechi nzima kutoka uwanjani mpaka nyumbani na kufika nayo, na kulala nayo, bila kupata mtu wa kumtua. Aliwaelewa sasa wale wazee wa jukwaani, waliokuwa wakibishana hadi giza kuhusu mechi waliyoiona wote. Hawakuwa wanabishana. Walikuwa wanatuana mizigo.

Mara nyingi aliamua kuacha. Alijiambia kwamba mwanamke haji, mzee amekataa, timu ni mbovu. Hesabu ilikuwa sawa. Jumapili ikifika alivaa viatu.

* * *

Mechi ya mwisho ya msimu ilichezwa kwenye mvua. Malakiti ilikuwa imekwisha kushuka daraja wiki iliyotangulia, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kuchezea. Ngoma hazikuja, ngozi haipendi maji. Kijana wa filimbi naye hakuja. Sadrack alikaa kwenye ukuta wake, mfuko wa plastiki kichwani, akimtazama Merdi akichechemea kwenye matope. Walikuwa wamefungwa matatu.

Aliona mwavuli ukizunguka uwanja. Hakuufuatilia. Ulipokuwa karibu kabisa ndipo alipotambua mwendo.

"Tata Sadrack."

"Mama."

Huguette alisimama upande wake, akamuuliza habari za afya, akamuuliza habari za kazi. Sadrack alijibu. Mwanamke alikuwa amekonda kidogo, au ni mvua. Moyo wa mwanaume ulikuwa unampiga kama mtu anayegonga bati, lakini mpira ulikuwa upande wao, na macho yake yaliruka mara kwa mara kwenda huko, hakuweza kuyazuia.

Mwanamke alimweleza kwa kifupi kilichomleta. Baba yake haoni vizuri mbali, lakini ovaroli la bluu nyuma ya goli alikuwa ameliona kila Jumapili, na hakumwambia mtu. Jana, baada ya chakula, alimwambia: nenda umuulize yule mtu swali moja, na jibu lake uniletee.

"Nikuulize?"

"Uliza."

"Juu ya nini ungali unakuya huku? Mi siko ku tribini. Tata alikukatala. Ekipe imeanguka. Unatafuta nini?"

Sadrack alijua kwamba maisha yake yaliyobaki yapo ndani ya swali hilo. Na jibu alikuwa nalo. Alikuwa amelifanyia mazoezi nyuma ya kioo cheusi cha kuchomelea, siku nyingi, kwa sauti: nakuja juu yako, siku moja utarudi na utanikuta. Jibu tamu. Mwanamke yeyote angelipokea. Akafungua mdomo alitoe, na wakati huo Merdi akaanguka katikati ya uwanja, akashika goti, na Sadrack akainuka nusu kutazama kama ataamka. Akaamka. Sadrack aliporudisha macho kwa Huguette, lile jibu alilikuta limekuwa la zamani, kama nguo ya mtu aliyekua.

"Mwanzo ilikuwa juu yako," alisema. "Nisikubongee uwongo tena. Sasa sijue. Siku ya posho, ile Jumamosi, najisemea siende. Siku ya Mungu najikuta niko hapa. Leo, toka mechi imeanza, sikukuwaza hata kidogo. Nilikuwa nawaza ule mutoto, numero sita. Goti yake inaumia toka mbele ya mapumziko na banakatala kumutosha inje."

Huguette alimtazama usoni. Mvua ilikuwa inagonga mwavuli wake.

"Lukusa hakuniambiaka neno mubaya hata siku moja," alisema mwishowe. "Alikuwa na maneno mazuri tu."

"Tata yako alitaka niseme nini?"

"Alisema, akisema ni juu yako, rudia nyumbani, usimusalimie tena. Akisema hajue, umulete."

Lakini uso wa mwanamke haukuwa uso wa mtu aliyeleta habari njema.

"Na weye? Weye ulitaka niseme nini?"

Huguette alitazama mbali, kwenye mlima wa mabaki, ambako maji yalikuwa yanashuka kwa mifereji ya kijani.

"Mi nilitaka useme ni juu yangu," alisema. "Nilitaka sana. Kiisha ningerudia nyumbani, nilie, nijue nimebaki peke yangu, biishe."

Hakuna aliyemgusa mwenzake. Walikuwa watu wazima, kwenye mvua, mbele ya timu iliyofungwa. Sadrack alitaka kumwambia kwamba yeye pia amekuwa peke yake, kwamba kuna mambo mengi sana kuhusu beki wa kulia ambayo hajamwambia mtu yeyote. Ilionekana kama neno la kijinga.

Huguette akajikaza, akakunja kitenge chake kisiguse matope. Akasema waende, baba yake ameahidi kushuka kutoka jukwaani, atakuwa anawangoja mlangoni mwa uwanja, na miguu yake haitaki baridi.

"Bado," Sadrack alisema.

"Bado nini?"

"Mechi."

Huguette alimtazama kama asiyesikia vizuri. Akamkumbusha kwamba ni tatu kwa sifuri. Akamkumbusha kwamba timu imekwisha kushuka, hata wakifunga kumi. Akamweleza, kwa sauti ya mtu anayemweleza mgonjwa, jambo ambalo kila mtu kutoka Kolwezi mpaka Dilolo analijua: mwanaume anayemsimamisha baba wa mwanamke kwenye mvua, siku ya kuitwa, amejifungia mlango mwenyewe, na hautafunguliwa na kaka wala na mbuzi.

Sadrack alilijua. Aliona wachezaji, wamebaki kumi kwa sababu mmoja ametoka na hakuna wa kumbadili, wakirudi kulilinda goli lao tena. Hapakuwa na mtu nyuma yao. Akiondoka yeye, upande huu wote unabaki na ukuta.

"Enda umuambie nakuya ikiisha," alisema. "Akikasirika, eko na haki. Nitapiga magoti. Lakini siwezi kubaacha hivi."

Huguette aligeuka kwa hasira, akapiga hatua, akatazama upande wa mlango amtafute baba yake. Mlangoni hapakuwa na mtu, ila mlinzi chini ya turubai. Akatazama kushoto na kulia. Kisha akainua macho jukwaani.

Jukwaa lilikuwa tupu, benchi baada ya benchi ziking'aa kwa maji. Juu kabisa, kwenye nafasi yake ya miaka yote, mzee alikuwa amekaa, kofia imelowa, mikono miwili juu ya fimbo, kidevu juu ya mikono. Alikuwa amesema atashuka. Hakuwa ameshuka. Hakuwa hata ameanza kushuka.

Huguette alibaki amesimama kwenye matope katikati ya wale wanaume wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na hakuna kati yao aliyekuwa anamtazama.

Malakiti ikafungwa la nne.

Sadrack alifumba macho, akayafumbua. Jukwaani, mzee alitikisa kichwa, akabaki alipo. Mwanamke akasema kitu kwa Kisanga, lugha ya mama yake, ambayo Sadrack haijui. Kwa sauti ilivyokuwa, halikuwa neno la baraka. Akarudi. Akafunga mwavuli wake, kwa kuwa ulikuwa unawaziba uwanja, akapangusa jiwe kwa ncha ya kitenge, akaketi kwenye ukuta. Kati yake na Sadrack aliacha nafasi ya mtu mmoja, kama inavyompasa mwanamke ambaye baba yake yupo karibu, ingawa baba yake alikuwa anaangalia mpira.